Waliorudi Wakafungwa: Tumesoma "Kusadikika"



Safu yetu ya wiki hii imetokana na swali tuliloulizwa barazani pa msikiti, hapa Kisorya, baada ya swala ya Alasiri. Aliyeuliza ni mzee mmoja wa jamaa zetu ambaye riziki yake ni kununua dagaa mwaloni na kuwasafirisha kwenda Bunda. Binti yake, aliye kidato cha tatu, alirudi likizo na kitabu kinene cha Kiingereza, majalada yamechakaa, na kwa siku nne alikuwa akikisoma kamusi ikiwa mapajani, chai ikipoa pembeni na dagaa wakingoja kuanuliwa. Baba mtu akakichukua, akatazama picha ya jalada, akaona mzee mwenye ndevu ndefu na fimbo mkononi. Akatuletea. "Ustadh," alisema, "wewe ndiye uliyesoma chuo. Hebu niambie, hiki ni kitabu au ni uchawi?"

Kamati ilituagiza tukisome na kutoa maoni. Ilituchukua majuma matatu, kwa kuwa Kiingereza chake si chepesi na chetu si kingi. Kitabu chenyewe ni The Fellowship of the Ring, cha kwanza katika vitabu vitatu vya J.R.R. Tolkien, mwanachuoni wa lugha za kale wa Oxford, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892 na kupelekwa Uingereza angali mtoto mdogo. Kilitoka mwaka 1954. Kisa chake ni cha kijana wa umbo fupi, Frodo, aliyerithi pete. Anayeivaa pete hiyo haonekani kwa macho. Lakini aliyeitengeneza ni adui, na aliitengeneza ili awatawale wengine wote, na kila anayeitamani, hata kwa nia ya kutenda mema, huharibika moyo. Wakuu wa mataifa mbalimbali wanakutana katika baraza la mmoja wao aitwaye Elrond, wanashauriana kwa kirefu, wanaamua kwamba pete isitumike wala isifichwe bali ikateketezwe katika moto wa mlima ule ule ilikotengenezwa. Wasafiri tisa wanafunga safari.

Jibu letu kwa mzee lilikuwa fupi. Kitabu hiki hakifundishi kupiga ramli wala kufunga hirizi. Yumo mtu aitwaye Gandalf, ambaye neno analopewa kwa Kiingereza sisi tungelitafsiri kuwa mchawi, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kukaa na mtoto na kumweleza kuwa sihiri kwetu ni jambo zito na si mchezo. Lakini binti wa kidato cha tatu aliyefundishwa akida yake hawezi kupotezwa na hadithi ambayo yeye mwenyewe anajua ni ya kubuni. Mzee mmoja wa kamati hakuridhika. Alisema majini anayakubali kwa kuwa yametajwa katika Qur'ani, ila hao watu wafupi wanaochimba chini ya milima yeye hawajui, wala hajui nasaba yao. Tuliandika maoni yake katika muhtasari kama alivyoyasema.

Wapo wanaodhani kuwa kisa cha kubuni ni uongo, na uongo ni haramu, basi mjadala umekwisha. Hoja hii inawasahau wengi. Ibn al-Muqaffa aliwasomesha Waarabu adabu na siasa kwa midomo ya wanyama katika Kalila wa Dimna. Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu na mwanafalsafa, alibuni mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akamwita Hayy bin Yaqzan, akaonesha jinsi akili inavyoweza kumtafuta Mola wake. Na Qur'ani tukufu yenyewe inatufundisha kwa mifano, hata ya mbu na buibui. Uongo ni kumfanya msikilizaji aamini lisilokuwapo. Msimulizi wa hadithi hamfichi mtu kuwa anasimulia, na anayemsikiliza naye anajua.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini tulimwuliza yule binti kama amewahi kusoma Kusadikika cha Shaaban Robert. Akasema amelisikia jina hilo kwa mwalimu, kitabu chenyewe hajakiona. Tukaona haya, maana nasi tuna kabati la vitabu msikitini, na ndani yake hakikuwamo. Tulimkumbuka mwalimu mmoja mstaafu upande wa Rugezi aliyekuwa na nakala, tukapanda kivuko kuifuata. Siku ile kivuko kilichelewa. Tulirudi jioni na kitabu tukiwa tumekwisha kusoma theluthi yake tukiwa tumekaa juu ya magunia ya watu.

Na kwa kuwa tumetaja safari ya Ukerewe, tuseme hili kidogo. Huko ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ni kitabu cha namna nyingine, cha ndoa na uzazi na maisha ya Wakerewe wa zamani, nacho kina haki ya safu yake siku nyingine. Tunakitaja ili watoto wetu wanaopunga mikono kivuko kinapoondoka wajue kuwa ng'ambo ile inayoonekana kwa macho alikuwako mtu aliyeandika na kungoja miaka thelathini na mitano.

Sasa Kusadikika. Mwandishi wake, Shaaban Robert, alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, Tanga, mwaka 1909, akafariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Alikuwa Mwislamu, mshairi, na kwa sehemu kubwa ya umri wake karani wa serikali ya kikoloni. Alianza forodhani mwaka 1926. Kusadikika kilichapwa mwaka 1951, yaani miaka mitatu kabla ya kile cha Tolkien. Mwaka uliofuata kikatoka Adili na Nduguze, na baada ya kufariki kwake kikatoka Kufikirika. Mwandishi hakuviita vitabu hivi ndugu watatu. Ni sisi tunaovifunga kamba moja, kwa sababu vyote vinatupeleka katika falme zisizo katika ramani yoyote, na vyote vinamweka mfalme mbele ya mtu mnyonge mwenye jambo la kusema. Ukivisoma kwa kufuatana utaona vinazungumza.

Kusadikika ni nchi inayoning'inia angani. Mpaka wake huwezi kuugusa kwa mguu. Lakini ina mfalme, ina mawaziri, ina askari, ina gereza, na kama ilivyo kawaida ya nchi za namna hiyo, gereza lake linafanya kazi vizuri kuliko idara nyingine zote. Kijana aitwaye Karama ameshitakiwa na waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake? Ameanzisha mafunzo ya sheria. Anawafundisha watu wa kawaida namna ya kudai haki zao mbele ya hukumu. Majivuno anaona kuwa watu wakijua sheria, ufalme utatikisika; na baraza linasikiliza kwa masikio ya watu waliokwisha kuamua.

Karama anapewa siku za kujitetea, na hapa ndipo ustadi wa kitabu ulipo. Hajitetei kwa kusema yeye ni mwema. Anawasimulia habari za watu ambao wote waliopo barazani wanawajua, na ambao wakati ule wamo gerezani. Zamani, anasema, nchi hii ilituma wajumbe sita. Wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja akatumwa juu mbinguni, mmoja akatumwa chini ardhini. Buruhani alikwenda mashariki. Ridhaa ndiye aliyetumwa mbinguni, na Amini akashuka ardhini. Fadhili, Kabuli na Auni walikwenda pande zilizobaki. Kila mmoja alipita katika taabu ambayo mwandishi anaieleza kwa kuifurahia, kama mtu anayesimulia watoto usiku wa mvua. Kila mmoja alifika, akaona jinsi wengine wanavyoishi, akachukua lililo jema katika sheria na desturi zao, akarudi nalo nyumbani. Na kila mmoja, alipokwisha kutoa habari, alifungwa.

Siku ya kwanza msomaji anakasirika. Siku ya pili anakasirika zaidi. Ifikapo ya tatu tayari anajua mwisho wa safari utakuwaje, na hapo hasira inageuka kuwa kitu kingine, kizito, karibu na aibu. Kwani unaanza kuwatazama si wajumbe tena bali wale waliokaa kwenye viti, wanaosikiliza habari njema baada ya habari njema na kila mara wanamwita askari.

Msomaji wetu aliyepita madrasa atakuwa amekwisha kumkumbuka hudhudi. Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, alikagua ndege akamkosa, akaahidi adhabu kali kama hatakuja na hoja ya wazi. Ndege akarudi, mdogo, peke yake, akamwambia Nabii na mfalme kuwa amelijua jambo ambalo yeye hakulijua, habari ya Saba na malkia wake. Sulaiman hakumfunga. Hakumsadiki papo hapo pia, na hili watu wengi hulisahau. Alisema tutatazama kama umesema kweli, akampa barua, akamrudisha kazini. Sisi tunasoma kisa hicho kila tunapoipitia Suratun Naml, tunawafundisha watoto majina ya ndege, na tunaendelea. Shaaban Robert, kwa maoni yetu, alikuwa amekisoma na hakuendelea. Tazama majina aliyoyachagua: Buruhani ni hoja iliyo wazi, Auni ni msaada, Amini ni mwaminifu, Ridhaa ni radhi. Ukiyaweka pamoja ni kama karatasi ya vitu ambavyo nchi ile iliviweka nyuma ya kufuli.

Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama fumbo la Tanganyika chini ya Mwingereza, na hawakukosea. Karani wa serikali hakuweza kuandika waziwazi kuwa watawala wanaogopa raia wakijua sheria. Kwa hiyo aliipandisha nchi yake angani. Mwaka ule ule wa 1951, mwezi wa Novemba, Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ili wapewe walowezi, na mwaka uliofuata walimtuma mjumbe wao, Kirilo Japhet, mpaka New York kushitaki mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1955 mtoto wa Butiama, jirani zetu, alitumwa na TANU huko huko. Aliporudi ikambidi achague baina ya ualimu wake wa Pugu na siasa, naye akauacha ualimu. Hatusemi kuwa mwandishi alitabiri. Tunasema aliijua kazi ya mjumbe, na malipo yake, kabla wengine hawajalipwa.

Hata hivyo, hatukuandika safu hii kwa ajili ya Waingereza, ambao wamekwisha kuondoka. Tulipofika siku ya nne ya utetezi wa Karama tulikifunga kitabu, tukaenda kulifungua daftari la mihutasari ya kamati yetu.

Miaka miwili iliyopita kijana mmoja wa hapa, mtoto wa mvuvi, alirudi kutoka masomoni akiwa na ujuzi wa uhasibu. Alikuja katika kikao kwa adabu, akasalimu, akakaa chini. Alisema kuwa sadaka zinazotolewa na wenye mitumbwi kipindi cha giza, dagaa wanapopatikana kwa wingi, ni fedha nyingi kuliko tunavyodhani. Akapendekeza kuwa kila anayetoa apewe stakabadhi, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi hesabu isomwe hadharani. Hakumtuhumu mtu. Alisema ameona msikiti mmoja mjini ukifanya hivyo na michango ikaongezeka. Kikao kilikuwa cha nusu saa. Mmoja wetu alisema huyu anataka kutuita wezi. Mwingine akasema mtoto wa juzi hawezi kuwafundisha wazee kuhesabu. Katika daftari imeandikwa kuwa pendekezo lake "limeonekana kuleta fitina na limeondolewa." Hati ni yetu. Wino ni ule ule wa buluu tunaoutumia mpaka leo. Hakuna aliyetulazimisha neno fitina; katika kikao lilitajwa neno jepesi zaidi, na sisi, kwa kuwa tumesoma chuo, tulitafuta zito.

Hakuna fedha iliyoibwa, na hili tunalisema kwa kiapo. Lakini hakuna anayeweza kulijua ila kwa kutuamini, na ndilo jambo alilokuwa akilisema. Kijana hakufungwa gerezani, maana Kisorya hatuna gereza. Aliacha tu kuja. Huswali nyumbani, na Ijumaa hupanda gari kwenda mjini.

Turudi kwenye kitabu, kwani si kila kitu chake ni cha kusifiwa. Utaratibu wa siku sita unachosha. Anayefuatilia ataona kuwa mjumbe wa tatu na wa nne wangeweza kubadilishana safari bila msomaji kugutuka. Wahusika wanavaa majina yao kama vibandiko: Majivuno anajivuna tangu mwanzo mpaka mwisho, hana hata dakika moja ya shaka, na sisi tunaokaa katika kamati tunajua kuwa wanaokosea barazani kwa kawaida ni watu wema wenye usingizi. Katika hili Tolkien amemzidi. Katika kitabu chake yumo Boromir, shujaa wa kweli, anayeipenda nchi yake, anayeitaka ile pete ili awaokoe watu wake. Naye ndiye anayeanguka, na msomaji anamlilia. Kusadikika hakina Boromir. Na mwisho wake, mfalme anapogeuka, akamwachilia Karama na kuwatoa wale wafungwa sita, unakuja upesi mno. Tungependa kuona usiku wa mfalme kabla ya asubuhi ile. Tungependa pia kujua wale sita walisema nini walipoliona jua. Mwandishi anawatoa gerezani na hapo hapo anawaaga.

Lakini kuna jambo ambalo Tolkien hana. Katika baraza la Elrond kila aliyefika na habari anasikilizwa, kazi nzima inayobaki ni kwenda. Safari ndiyo ngumu. Kwa Shaaban Robert safari ni sehemu nyepesi. Milima hupandwa, njaa huvumiliwa, na mtu hufika. Ugumu unaanza unaposimama tena mbele ya watu wa kwenu. Sisi tunaokaa kando ya ziwa, tunaowasafirisha vijana wetu Mwanza, Dar es Salaam na hata Muscat, tunawasomea dua wanapopanda gari, tunajua zaidi kuaga kuliko kupokea.

Lugha ya kitabu inahitaji subira. Sentensi zake ni ndefu, zenye mizani, zilizopambwa kwa methali na tashbihi, na kijana aliyezoea ujumbe wa simu ataona kama anapanda kilima. Ushauri wetu kwa familia ni kukisoma kwa sauti, baada ya Isha, simu zikiwa mbali. Mfalme na mashitaka yasomwe usiku wa kwanza. Halafu mjumbe mmoja kila usiku. Baba asiyejua maneno yote asione haya kuuliza. Sisi wenyewe tulilifungua kamusi mara kadhaa, tena mbele ya watoto wa madrasa, nao walifurahi kutuona hatujui. Chini ya miaka kumi na miwili watapenda safari na kusinzia kwenye hotuba. Juu ya hapo wataanza kuuliza maswali, na mzazi ajiandae.

Kuhusu viwili vinavyofuata tutasema kidogo tu, maana tutarudi kwavyo Mungu akipenda. Adili na Nduguze kimetokana na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, na ndicho kitakachowapendeza watoto zaidi: mji mzima uliogeuzwa mawe, nyoka aliye jini, na ndugu wawili wenye husuda waliofanywa manyani. Kufikirika kina mfalme aliyekosa mrithi na mwalimu anayefukuzwa kwa sababu amemfundisha mtoto wa mfalme vizuri kuliko alivyoamriwa. Msomaji ataona kuwa mwandishi hakuliacha jambo lake.

Nakala ya Kusadikika sasa imo katika kabati la msikiti, upande wa kushoto, chini ya misahafu ya watoto. Ya mwalimu tumemrudishia, hii tumeinunua. Huazimwa kwa siku saba na jina huandikwa katika daftari. Tumeandika pia barua kwa yule kijana, na kikao cha mwisho kiliiridhia, wawili kati yetu kwa shingo upande. Barua haikuwa ndefu. Ilimwomba radhi kwa neno moja lililo katika muhtasari wa siku ile, ikamweleza kuwa neno hilo limekatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, na ikamwalika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ambapo hesabu itasomwa, ije au isije kuwa sahihi. Mpaka tunaandika haya hajajibu.

Mwazimaji wa kwanza alikuwa yule binti. Alikirudisha siku ya tano, mapema kuliko muda wake, akiwa na baba yake, na wakati tunaandika tarehe akauliza: "Ustadh, mbona katika wale sita hakutumwa mwanamke hata mmoja?"

Tulifungua kitabu kana kwamba jibu lilikuwa limejificha katika ukurasa fulani. Baba yake alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, akimtazama binti na si sisi, kuwa hata hudhudi huko alikokwenda alimkuta mwanamke anatawala. Binti akasema anajua. Akaomba cha pili, nasi tukamwandikia.